Robo ya Nne ya Kitabu cha Nanjala

Walisema sitaweza. Walisema sitamaliza shule, nikaimaliza. Walisema gari litanishinda kwa sababu nilikuwa mfupi, miguu haifiki kwenye klachi, na leo nina leseni ya nchi mbili, na diploma yangu ya usimamizi wa uchukuzi imetundikwa sebuleni ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mgeni akiketi hana budi kuiona. Lakini neno moja walilisema wote kwa sauti moja, kuanzia mama mzazi mpaka karani wa stesheni: kwamba Mwakio hatawahi kurudisha kitabu cha mtu. Dada yangu Wakesho aliwaonya wenzake mlangoni kabisa, mimi nikisikia: "Mkimwazima huyu kitabu, kiageni."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, maana lilikuwa kweli.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Nakumbuka kota za reli pale Voi tulipokuwa wadogo, mabati yakilia kwa joto saa saba mchana, vumbi jekundu limetupaka hadi kwenye kope. Asubuhi tulicheza bano za kioo, wasichana wakaruka blada ya mpira, na jua likizidi tukaingia kivulini nyuma ya tangi la maji kucheza kalongolongo. Hapo ndipo nilipokuwa baba wa watoto kumi na mmoja kabla sijafika darasa la tatu. Tulikula mabuyu mpaka ulimi ukawa mwekundu wa kuogopesha, na viazi karai tukavinunua vimefungwa kwenye gazeti. Viazi vikiisha, gazeti lenyewe tulilisoma, lina mafuta hivyo hivyo. Tulisoma kila kitu. Mtoto wa siku hizi ukimpa kiazi kwenye gazeti atakuuliza kama lina chaji.

Lakini utamu wetu hasa ulikuja na treni. Wafagiaji wa mabehewa waliokuwa majirani zetu waliokota vitabu ambavyo abiria walivisahau chini ya viti, na karibu vyote vilikuwa vya aina moja: riwaya za mapenzi na hatari. Vingi havikuwa na jalada, kwa hiyo hatukujua majina yake. Tuliviita kwa mambo yaliyomo. Kulikuwa na Kile cha Mjane, na Kile cha Pete Mbili, na kimoja tulichokiita Kile cha Usikisome Ukiwa Peke Yako.

Sasa kitabu kimoja, watoto ishirini, utafanyaje? Ni Wakesho aliyevumbua dawa. Alichukua wembe, akakikata kitabu mara nne kwenye mgongo, kila kipande akakishona kwa uzi wa gunia. Tukaviita robo. Robo ya kwanza ikitoka kwako inakwenda nyumba ya pili, na wewe unapokea robo ya pili kutoka kwa aliyekutangulia. Kwa hiyo watu wanne walisoma kitabu kimoja siku moja, kila mmoja amesimama pake katika hadithi, na sheria ilikuwa moja: aliye mbele asimwambie aliye nyuma. Ukimwaga siri, unafungiwa muhula mzima. Nilifungiwa mara mbili.

Hebu fikirini adha yake. Umeachwa mwishoni mwa robo ya pili, msichana amefungua kabati la mchumba wake na kukuta shati lenye damu, mchumba mwenyewe anapanda ngazi akipiga mluzi, halafu karatasi imekwisha. Robo ya tatu iko kwa mtoto wa fundi umeme, naye ana malaria. Niliwahi kumpelekea mgonjwa yule uji kwa mkono wangu ili apone haraka.

Watu wameniuliza, tena wasomi, kwa nini tulizipenda hizo badala ya nyingine. Jibu langu nimelipika miaka mingi. Mapenzi matupu yalituchosha. Wanaandikiana barua, wanaoana, basi. Bunduki tupu zilipiga kelele, zikanyamaza, tukasahau. Lakini ukiweka pamoja, yule anayependwa ndiye huyo huyo wa kuogopwa. Unataka msichana amkumbatie na unataka akimbie, yote mawili kwa pumzi moja. Unajua moyoni kwamba mambo yatakuwa mema, ila hujui kwa mlango gani, na katikati hapo unaishi zaidi ya unavyoishi siku zako zote.

Mama alizichukia. Alisema zitatuharibu. Siku moja alininyang'anya robo ya tatu ya Kile cha Mjane, akaapa ataitia jikoni iungue na kuni. Baada ya saa moja tulisikia harufu ya kuungua kweli, tukakimbia. Kilichoungua kilikuwa maharagwe. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, robo mkononi, mwiko umelala chini. Hakuinua hata macho. "Huyu mwanamume simwamini," alisema. "Na wewe acha kunitazama, lete robo ya nne."

Na mimi kosa langu lilikuwa hilo: robo ya nne ikinifikia, hairudi. Niliisoma, nikairudia, nikailalia, nikampa mwenzangu mmoja ambaye naye akampa mwenzake, na mwisho hakuna ajuaye iliko. Nusu ya watoto wa kota za Voi walikua na hadithi zisizo na mwisho kwa sababu yangu. Wapo akina mama watu wazima leo wakiniona sokoni wanauliza kwanza, "Mwakio, yule mjane ilikuwaje?" kabla hata ya kunijulia hali.

Basi nikakua, nikaenda chuo Mombasa, nikapata diploma niliyowatajia, kisha nikaenda Saudia. Wakasema nitarudi baada ya miezi mitatu nikilia. Nilikaa Riyadh mwezi mmoja nikingoja ikama, kile kibali cha kukaa, halafu kafili wangu, mdhamini wa kazi ambaye tulimwita Bosi, akanichukua Jeddah kuwa dereva wa nyumba yake, mtaa wa Aziziya. Nilikuwa dereva bora wa mtaa ule. Hilo waulizeni wengine, mimi si mtu wa kujisifu.

Ndani ya nyumba ile alikuwemo Nanjala, dada wa kazi kutoka Kimilili, mwanamke mrefu mwenye ulimi kama pilipili. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa ukielekea ukingoni. Siku moja nilikuwa nimeketi mlango wa jikoni nikinywa chai, nikaona kitabu juu ya friji. Hakina jalada. Moyo wangu ulidunda kama wa mtoto.

"Dada Nanjala, hicho ni cha nini?"

"Cha daktari na mke wake wa pili. Wa kwanza alianguka ghorofani, ama alisukumwa. Usikiguse."

"Niazime siku mbili."

"Wewe Mwakio, hicho kitabu hata si changu. Ni cha mama. Alikuwa amefika katikati, mimi nikakitia kwa begi nikidhani ni changu. Tangu nifike hapa kila nikipiga simu, hata kabla ya salamu, ni hilo tu: 'Daktari alimsukuma ama hakumsukuma?'"

"Si umwambie tu?"

"Nimwambie mama yangu? Ati nimwambie! Anataka kusoma na macho yake. Ameniambia nikirudi bila hicho kitabu nilale kwa jirani."

Niliapa kwa jina la mama yangu. Alinitazama kuanzia viatu. "Uso wako ni wa mtu wa kupoteza vitu," alisema, lakini alinipa.

Nilikisoma nikiwa ndani ya gari nje ya shule, nikingoja watoto wa Bosi. Nilipomaliza, nikafikiria jambo. Akina dada wa kazi wa kwetu walikuwa kila nyumba, wengi wao hawatoki isipokuwa na madam wa nyumba, na karibu kila mmoja alikuja na kitabu kimoja chini ya begi, amekisoma mpaka amekijua kama sala. Lakini madereva sisi tunazunguka mchana kutwa. Madam wangu, mke wa Bosi, akienda kwa dada yake mtaa wa Al-Nuzha, mimi naegesha langoni saa mbili. Dada wa nyumba ile anatoka kutupa taka. Mwache atoke na mfuko wa mkate, na ndani ya mfuko wa mkate iwemo robo.

Kwa hiyo nilitafuta wembe na uzi. Nanjala alipoona nakata kitabu cha mama yake alishika kichwa. "Umekichinja!" Nikamwambia kitashonwa vizuri kuliko kilivyotoka kiwandani. Baadaye wengine sita wakaniazima vyao: watatu wa Aziziya, wawili wa Al-Nuzha, na mpishi mmoja aliyekodi chumba na wenzake Bani Malik. Vitabu saba, robo ishirini na nane, na zote zilizunguka Jeddah chini ya kiti changu. Kila mmoja nilimwahidi neno lile lile: utakipata kizima.

Msidhani ilikuwa siri. Madam aliikuta robo moja siku alipoangusha pete garini. "Mwakio, hii nini?" Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha barabarani: kuna daktari, kuna mke, kuna ghorofa. Akaivaa pete yake. Tulipofika taa ya tatu akasema, "Halafu?" Nikaendelea. Tulipofika kwa dada yake nilikuwa nimefika pale mke wa pili anapoikuta barua ya mke wa kwanza, na madam hakushuka. Jua lilikuwa la kukaanga mayai. "Yalla, endelea," alisema, "dada yangu atangoja." Hapo ndipo nilipojua kwamba mama yangu na jiko lake la kuni na madam na miwani yake ya dhahabu ni watu wa kabila moja.

Mambo yalikwenda vizuri hivyo kwa miezi. Kisha Bosi akaniita. Mama yake aliye Riyadh hana dereva. Nanjala mkataba wake unakwisha, anasafiri Alhamisi ya wiki ijayo. Nimpeleke uwanja wa ndege, na Ijumaa mimi nishike barabara ya Riyadh, nisirudi. "Halas," akasema, kama mtu anayefunga dirisha.

Siku tisa. Robo ishirini na nane. Nanjala alikuwa akisikiliza mlangoni.

"Sasa tutaona," alisema. "Hapa ndipo tutamjua Mwakio."

Sijawahi kufanya kazi kama siku zile. Kila safari ya madam ilikuwa safari yangu. Akitaka kitambaa Bani Malik, nilikuwa nimeshafika kabla hajamaliza sentensi. Nilipokea mifuko ya mkate mpaka gari likanuka kama tanuri. Nilishona mchana, gari likiwa limeegeshwa, miwani puani, sindano ya kushonea godoro mkononi, na madereva Wapakistani wakinipiga picha. Nilirudisha cha kwanza Jumamosi, viwili Jumapili, na kufikia Jumatatu nilikuwa nimerudisha vitabu sita. Waliovipokea walivikagua kwa vidole kama wanunua samaki. Kilibaki kimoja, cha Nanjala, nacho nilikuwa na robo tatu zake. Robo ya nne ilikuwa Al-Nuzha kwa Mwanahamisi, dada wa Msambweni, katika nyumba ya dada yake madam.

Jumatatu hiyo hiyo alitoka na taka. Hakuwa na mfuko wa mkate.

"Mwanahamisi, dadangu, ile robo."

"Sijaimaliza, kaka Mwakio."

"Unayo tangu mwezi juzi!"

"Sijaianza."

Nilidhani ananichezea. Robo ya nne, ambapo kila kitu kinafunguka, mtu anaiweka miezi miwili bila kuigusa? Mimi huyu niliyepeleka uji kwa mgonjwa? Lakini aliposema tena alikuwa anatazama mfuko wa taka.

"Nimeiweka chini ya mto. Nikipiga pasi naiwaza. Nikiosha vyombo naiwaza, huyu bwana kamsukuma au hakumsukuma? Siku inakwisha. Kakangu, nikishaisoma, kesho asubuhi nitaamka niwaze nini? Huku ndani kimya, wallahi. Watoto wote wako na simu zao. Hiki ndicho kitu pekee ninachongojea."

Nikauchukua ule mfuko wa taka nikamtupia. Mimi na diploma yangu.

Nina mpwa wangu hapa Voi, binti wa Wakesho, anasoma riwaya kwenye simu. Simu moja ina vitabu vingi kuliko mabehewa yote ya utoto wangu. Nilimwona juzi anaanza na sura ya mwisho. Nikamuuliza kulikoni. "Ili nisisumbuke, mjomba," akasema. "Nikijua nani alimuua ndio nasoma nikiwa nimetulia." Nikamwonea huruma jinsi mtu anavyomwonea huruma mtu anayekunywa maji ya kuchemshia biriani. Na papo hapo nikamkumbuka Mwanahamisi pale langoni na mfuko wake wa taka.

Nilirudi Aziziya nikamweleza Nanjala. Nilitegemea matusi. Aliendelea kukunja shuka, akakunja nyingine, halafu akasema, "Nipe namba yake."

"Utamgombeza."

"Mwakio, wewe endesha gari."

Yeye na Mwanahamisi walikuwa na nafasi wakati ule ule. Baada ya chakula cha mchana, nyumba zote mbili zinalala, na dada wa kazi wanapiga pasi. Jumanne saa hiyo nilipita jikoni nikamkuta Nanjala na waya za simu masikioni, pasi inakwenda juu ya kanzu ya Bosi, na yeye kimya. Nanjala kimya! Kule Al-Nuzha, Mwanahamisi ameiegemeza robo ya nne kwenye kopo la wanga, anamsomea kwa sauti huku anapiga pasi. Nanjala alikijua kitabu kile mpaka koma zake. Hakumwaga hata neno. Nilisikia tu, "Ehe... usisimame... huyo msichana ni mjinga sana, aende kwa polisi!" Jumatano vivyo hivyo. Safari hiyo alicheka, kisha akaweka pasi pembeni akajifuta macho na kona ya leso, akaniona. "Unataka nini jikoni?"

Baadaye nilijua kwamba baada ya kumaliza, Nanjala alimwambia Mwanahamisi kitu kimoja tu. Kwamba akifika Kimilili, mama atakapoanza kusoma, atampigia simu saa ya pasi, na Mwanahamisi ndiye atakayemsikiliza mama akisoma. Na akimwaga siri, mama atamlaani mpaka Msambweni.

Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa ya kupitia Al-Nuzha kabla ya uwanja wa ndege. Madam aliitoa bila kuuliza, kisha akauliza: "Alimsukuma?" Nikamwambia asubiri. Langoni Mwanahamisi alikuwa amesimama tayari, mfuko wa mkate mikononi, amejitanda kanga juu ya sare ya kazi. Nanjala akashusha kioo. Miezi yote walikuwa hawajawahi kuonana.

"Kumbe wewe mfupi hivi!" Nanjala akasema.

"Na wewe sauti yako ni nene kuliko mwili," akajibu Mwanahamisi, wakashikana mikono kupitia dirishani mpaka niliposema tutachelewa.

Niliishona robo ile kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Nanjala alisimama juu ya kichwa changu akinihesabia dakika, akisema mimi nashona kama fundi viatu, akisema ndege haina subira ya wajinga, akisema fundo la mwisho limelegea. Nikalikaza. Nikakikunja, nikakikunjua, nikakipiga juu ya goti ili karatasi zilingane. Halafu nikampa kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

Hakusema asante. Aliangalia mshono upande huu na upande ule, akakohoa, akavuta begi lake. Nilimwona kupitia mlango wa kioo akiwa kwenye foleni. Vijana mbele yake wote walikuwa wameinamia simu, dole gumba linapandisha na kushusha, hakuna aliyekaa kwa jambo moja muda wa kupepesa jicho. Nanjala alikifungua kitabu akiwa amesimama pale pale, mwanzo kabisa, mke wa kwanza akiwa bado hai. Foleni ikasogea, yeye hakusogea. Mtu wa nyuma akamgusa bega. Akapiga hatua moja bila kuinua macho, kiganja kimefunika mdomo, utadhani hajui litakalotokea.

Nilirudi kwenye gari. Nilikuwa nimemlipa kila aliyeniazima, wote saba, vyote vizima, na nilitamani niwe na stesheni nzima ya Voi pale maegesho wanione. Nikaingiza mkono chini ya kiti kwa mazoea. Makombo ya mkate, basi. Enzi zetu tulikuwa tukilia kwa kukosa robo, na sikujua kwamba kile kilio nacho kilikuwa sehemu ya utajiri. Kesho yake ilikuwa Riyadh, mchana kutwa wa barabara iliyonyooka. Niliketi pale, injini inanguruma, sidaiwi na mtu yeyote duniani, nikitamani mtu agonge kioo aniambie ana kitabu, hakina jalada, nisikiguse.